Depo Yenye Mlango Wake

Kila mgeni anayefika kwenye kliniki yetu hapa Kamembe huniuliza kuhusu ile karatasi. Imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha seva, mkabala na dirisha langu la mapokezi ya maabara, kwa gundi inayotosha kushika soli ya kiatu. Ina mistari miwili ya kalamu nyeusi na sahihi. Wengine hudhani ni tangazo la chanjo, wengine hudhani ni onyo la umeme. Mimi huwaambia kwamba ni ubishi wa mwanamke mmoja, na kwamba mimi Benitha nilikuwepo ulipoandikwa. Wakiwa na muda nawasimulia. Wasipokuwa nao nawapa namba yao wakakae.

Mwanamke mwenyewe ni Uwamwezi Épiphanie, na sisi humwita Maman Épiphanie. Ana miaka hamsini na minne, ni mfupi, sauti yake ndogo, na ukimwona barabarani na kikapu chake utafikiri anatoka kwenye mazoezi ya kwaya. Usidanganyike. Alizaliwa Bukavu wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka huku, akajifunza kupiga taipu kwa masista, na familia iliporudi Rwanda akaajiriwa kliniki kuchapa barua na kadi za wagonjwa. Kompyuta zilipoletwa, chumba cha seva kilikuwa na joto na kelele, hakuna aliyekitaka. Walimpa yeye ufunguo kwa sababu walidhani hajui kukataa. Alisoma vitabu vya Kifaransa vilivyoachwa na fundi wa kwanza, akauliza, akakosea, akauliza tena. Sasa ni miaka kumi na minne seva iko mikononi mwake, na kukataa anajua vizuri sana.

Seva yenyewe, kompyuta kuu ya kliniki, si ya kuringia. Ni sanduku la chuma lenye rangi ya kijivu, kuukuu, linalokaa juu ya matofali manne ili maji ya deki yasilifikie. Lakini kila kitu chetu kinapita humo. Damu ikipimwa, jibu linaingia humo, daktari analisoma humo, nami nalichapa kutoka humo. Watu wa Nyakabuye na Gitambi hupanda basi dogo la kwanza alfajiri, bila kula, kwa sababu vipimo vya sukari havitaki mtu aliyekula. Wanategemea kurudi na basi la saa nane. Jibu likichelewa, mtu analala mjini kwa ndugu asiyempenda, au anarudi mlimani mikono mitupu na ugonjwa wake.

Mwaka juzi seva ilianza kuganda. Ilichagua Jumanne na Ijumaa, siku za vipimo, na ilichagua saa nne asubuhi, wakati benchi zimejaa. Kioo changu kinasimama, nabonyeza, hakuna kitu. Nusu saa, saa nzima, wakati mwingine mpaka saa saba. Aliyetukanwa ni mimi. Nilitukanwa kwa Kinyarwanda, nikatukanwa kwa Kiswahili, nikatukanwa kwa Kimashi ambacho sikijui, ila tusi halihitaji mkalimani.

Maman Épiphanie alinieleza ugonjwa wa seva tukiwa tunakula viazi vitamu nyuma ya jiko la kliniki. Alisema memori ya kompyuta ni kama meza ya kazi. Meza ikijaa, kompyuta inachukua vitu isivyovitumia kwa sasa, inaviweka pembeni kwenye diski, mahali palipotengwa, na inavifuata tena vikihitajika. Mahali hapo mafundi hupaita swap. Yeye hupaita depo, kama ghala la mchuuzi. Meza yetu ilikuwa ndogo, na haikuweza kuongezwa, kwa kuwa vipande vya memori vya umri ule haviuzwi tena. Basi lililobaki lilikuwa swali moja tu: depo iwekwe kwenye diski gani. Nilicheka, nikamwambia kwamba natukanwa na mji mzima kwa sababu ya depo. Hakucheka.

Mkubwa wetu wa utawala ni Munyemana. Si mtu mbaya, nisimtie ubaya asiokuwa nao. Ila alikuwa amechoka na barua za malalamiko, na mtu aliyechoka huona mlango wa kutokea kila mahali. Kampuni moja ya Kigali ilimletea mkataba: majibu yote yahamie kwenye mashine zao huko, chumba cha seva kiwe stoo ya magodoro, na Maman Épiphanie apumzike. Neno kupumzika likitoka kwa mkubwa, jihadhari nalo. Maman Épiphanie alimjibu jambo moja tu, tena kwa maandishi: hapa kwetu mvua ikinyesha mtandao unakatika, na hapa kwetu mvua haipumziki. Siku hiyo jibu litakuwa Kigali na mgonjwa atakuwa Kamembe. Munyemana aliiweka barua ile kwenye faili na hakuijibu.

Kabla ya kutia sahihi, ili isionekane tumekurupuka, kampuni ilimtuma fundi wao ajaribu mara ya mwisho. Alikuja Jumatatu, jina lake Christophe-Aimé, kijana mstaarabu mwenye begi zuri, na siku hiyohiyo alikuwa na kazi nyingine mbili mjini. Alikuta depo moja, imewekwa mahali ndani ya seva panapoitwa Kamembe, kama mji wetu, pamoja na majibu ya wagonjwa. Akasema hapo ndipo penye shida, depo na majibu vinagombania diski moja. Alisema kweli. Akatengeneza depo ya pili mahali panapoitwa Bugarama, penye picha za ultrasound na faili za zamani, ili mzigo ugawanywe nusu kwa nusu. Akaaga, akaenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Jumanne saa nne kasoro robo mwenyeji, yaani seva, akazidiwa kuliko siku zote, akaganda mpaka saa nane na nusu. Basi la Nyakabuye liliondoka na viti vitupu. Mzee mmoja wa Gitambi, Bizimana, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alianguka pale mbele ya dirisha langu, nikamnywesha chai yangu yenye sukari bila kumwuliza mtu. Jibu lake lilikuwa tayari ndani ya sanduku, hatua sita kutoka alipolala.

Nilikasirika siku ile hadi nikalia, na nilimkasirikia Maman Épiphanie pia. Nilimwambia heri majibu yaende Kigali, yaende hata mwezini. Yeye alivuta kigoda, akaketi mbele ya sanduku lililo wazi ubavuni, akaweka kiganja kwenye diski moja, kisha kwenye ya pili, kisha kwenye ya tatu.

Diski zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ndogo na ya kasi, yenye mfumo wenyewe, imejaa pomoni, hata kijiko hakiingii. Ya pili ni kubwa, na ndiyo ilikuwa inatetemeka na kunguruma kama maharage yanayopepetwa kwenye ungo. Ya tatu ni kuukuu, inaitwa Ruhwa, na hupokea nakala ya akiba kila jioni baada ya kazi. Mchana kutwa haina shughuli. Ilikuwa baridi.

Akaniuliza, zile Kamembe na Bugarama nadhani ziko wapi. Nikamwambia Kamembe ni hapa na Bugarama ni kule chini kwenye mpunga, kila mtu anajua. Akatikisa kichwa. Akaandika amri moja kwenye kibodi, kioo kikatoa orodha, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Majina mawili yalikuwa chini ya namba ileile ya diski. Kamembe na Bugarama zilikuwa vyumba viwili vya diski moja, ile ya pili. Fundi aliona majina mawili ya miji iliyo mbalimbali, akafikiri ni diski mbili, kwa haraka zake hakushuka kuangalia. Ndani ya diski ya namna ile kuna mkono mmoja tu unaosoma na kuandika. Yeye alitaka kuupunguzia kazi, na badala yake akaupa safari tatu: majibu, depo ya kwanza, depo ya pili, huku na huko, na watu wote wa Jumanne wakiusubiri.

Na aliyetoa majina yale ni nani? Ni Maman Épiphanie mwenyewe. Miaka minane iliyopita walinunua ile diski kubwa, akaikata mara mbili na kuzipa sehemu zake majina ya miji ya ile njia wanayopita wachuuzi wa mpakani, njia aliyoizoea tangu utoto. Hakuandika popote kwamba ni diski moja, kwa sababu yeye alijua. Nilimwona uso unabadilika alipolitambua hilo. Nilidhani atainuka, afute majina kimyakimya, aseme kosa ni la kijana wa Kigali. Mimi ningefanya hivyo, nakiri.

Badala yake alinisimulia habari za mama yake, Mukandori, aliyeuza vitenge karibu na soko la Kadutu. Mukandori alikuwa na depo nzuri, bati jipya, sakafu ya saruji, ila alichangia mlango na mwanamke mwenzake. Siku ya soko wapagazi wa huyu wanatoka, wa yule wanaingia, wanagongana mlangoni, mteja anachoka anakwenda kwa mwingine. Mama yake akahama. Akachukua depo ya mbali kidogo, paa linavuja upande mmoja, watu wakamcheka. Lakini ilikuwa na mlango wake. Hadi leo wanawake wanaovuka mpaka na kuacha mzigo uliozidi upande huu wana kanuni hiyo: usiulize depo ni nzuri kiasi gani, uliza mlango ni wa watu wangapi.

Jumatano akampigia simu Christophe-Aimé, mimi nikiwa pale. Alimweleza habari ya majina, akamwambia kosa lina baba na mama. Kijana akakubali, na nilimheshimu kwa hilo. Maman Épiphanie akasema anataka kuhamishia depo yote Ruhwa. Kijana akaonya: diski ile imezeeka, ni ya polepole, na ikifa ikiwa imebeba mzigo wa depo, seva yote inaanguka palepale, hakuna kuganda wala nini. Alisema kweli kwa mara ya pili. Yeye akamjibu kwamba ameipima mwanzo hadi mwisho, haina hata doa moja bovu, na kwamba mzee asiye na foleni hukuwahisha kuliko kijana mwenye foleni. Kijana akasema yeye binafsi hawezi kuidhinisha. Maman Épiphanie akamwambia hajaomba idhini yake, amempa habari.

Munyemana alituita Alhamisi asubuhi ofisini kwake, mimi nikiwa shahidi wa matusi. Mkataba ulikuwa juu ya meza, na kalamu juu ya mkataba. Akasema Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Seva ikiganda kabla ya saa sita mchana, anatia sahihi alasiri hiyohiyo. Na mpaka hapo, hakuna kugusa chochote. Alikuwa ameshaandika waraka na kuupiga muhuri.

Maman Épiphanie akamweleza yote, na hakujificha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Alitaja majina, akataja miaka minane, akasema amri aliyoitoa kwenye kibodi na orodha aliyoiona. Munyemana akaegemea kiti. Mtu aliyekuwa akitafuta sababu ameletewa sababu kwenye sahani.

"Kwa hiyo, Maman, weye njo uliharibu," alisema kwa Kiswahili chetu cha mpakani.

"Kosa ya majina ni yangu, Chef. Miye njo niliandika, hakuna mwengine. Lakini chumba hamutakiondosha hapa juu ya majina tu. Leo saa tisa ninahamisha depo."

Munyemana akamwambia waraka unakataza. Yeye akajibu kwamba waraka ameusoma. Munyemana akanyoosha mkono, akadai ufunguo. Nilitazama sakafu. Nilisikia mlio mdogo wa chuma juu ya mbao, nikainua macho, ufunguo ulikuwa mezani, kando ya mkataba, na kamba yake nyekundu.

"Njo huu. Kamata," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Lakini kesho saa moya weye njo utafungula. Na saa ine, mashini ikisimama, weye njo utatoka ku dirisha ya Benitha uambie bale bantu ya Gitambi. Miye niko nachoka kuambia bantu uongo."

Munyemana aliutazama ufunguo muda mrefu. Najua alikuwa anawaona watu wale, kwa sababu mimi nilikuwa nawaona. Hakuugusa. Alisema tu kwamba yeye hajaruhusu, na hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Maman Épiphanie akachukua ufunguo wake, akaaga kwa adabu, akatoka. Kukataa hakumwondolei mtu adabu.

Saa tisa alasiri, wagonjwa wamekwisha kuondoka, aliingia chumbani akaacha mlango wazi kila mtu aone. Kazi yenyewe haikuchukua hata robo saa. Akazima depo ya Kamembe, akazima ya Bugarama, akatengeneza moja tu kule Ruhwa. Kisha akaomba karatasi kwangu. Nilifikiri anaandika barua ya kuacha kazi, mkono wangu ukawa mzito kumpa. Aliandika mistari miwili, akatia sahihi, akaibandika mlangoni. Mstari wa kwanza ulisema: Kamembe na Bugarama ni diski moja, mimi ndiye niliyezipa majina bila kueleza. Wa pili ulisema: leo Alhamisi saa tisa nimehamisha depo kwenda Ruhwa, bila ruhusa. Nilimsihi afute yale maneno mawili ya mwisho. Akaniambia hayo ndiyo muhimu, ili kesho mambo yakiharibika asitafutwe mtu mwingine.

Ijumaa watu walikuwa wengi kuliko Jumanne, maana waliokosa walirudi. Mzee Bizimana alikuwepo, mbele kabisa, na safari hii mkewe alikuwa amefunga ndizi za kuchemsha kwenye kikapu. Saa tatu mambo yalikwenda. Saa tatu na nusu yalikwenda. Maman Épiphanie aliketi kwenye kigoda chake, mlango wazi, mikono mapajani. Munyemana alishuka ngazi, akasimama karibu na dirisha langu akijifanya anasoma ratiba ya madaktari.

Saa nne na dakika tano kioo changu kilisimama. Watu wa benchi wanaijua sura yangu sasa, wakaanza kunung'unika. Nilitazama upande wa pili wa korido, Maman Épiphanie ameinama, kiganja juu ya ile diski kuukuu. Nilianza kuhesabu, bila kujua kwa nini. Nilipofika saba jina la Bizimana likatokea, na jibu lake, na printa ikaanza kukohoa. Polepole, ndiyo. Printa ikatoa la pili, la tatu. Kila jibu lilisita kidogo kama mtu anayevua kofia mlangoni, kisha likapita. Saa sita iligonga nikiwa nachapa. Saa saba nilimaliza, na basi la Nyakabuye likaondoka na watu wake wote. Mimi nililia tena, na sitaki mtu aniulize.

Munyemana alingoja korido iwe tupu. Kisha alisema mkataba utangoja mwaka mmoja, aone. Akasema pia ile karatasi iondolewe, kwa sababu inawaonyesha wageni kwamba hapa mtu anakosea na mtu anavunja waraka, na kliniki ina jina lake.

"Karatasi itatoka siku miye nitatoka," alimjibu. "Ikae na kosa yake, ikae na dawa yake. Mwenye atakuya nyuma yangu asome yote."

Mwaka umekwisha na mwingine umeanza. Diski ya Ruhwa bado inafanya kazi, na kila Jumatatu Maman Épiphanie anaipima, siku ikionyesha doa ataiondoa mwenyewe kabla haijamwondoa yeye. Mkataba uko kwenye faili. Munyemana hupita mbele ya mlango ule mara nne kwa siku na ameshazoea kutoutazama. Mwezi uliopita wino ulikuwa umefifia kwa jua la dirishani, nikafika asubuhi na kumkuta Maman Épiphanie amesimama na kalamu, anapita juu ya herufi moja moja. Alikuwa ameanza na mstari wa kosa lake.